Maji ya Mgeni

5 Machi 2025
Mvua tangu alfajiri. Nilipokuwa nafundisha kilimo niliandika kila siku hali ya hewa na hali ya mimea ya bustani ya shule, basi. Nilipostaafu nikaacha. Leo narudia, kwa sababu nyumbani mwangu imeingia mimea nisiyoijua, pamoja na mtu nisiyemjua.

Mtu huyo ni Bibiche, mke wa mwanangu Soudi. Nilikuwa nimemwona kwenye picha tu. Walifunga ndoa Bukavu, kwa padri, bila kuja Kindu kuomba baraka. Mimi sikugomba. Nilinyamaza, na wanaonijua wanasema afadhali ningegomba.

Ameshuka kwenye lori lililotoka Kampene, miguu imevimba, mimba ya miezi mitano tumboni. Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi mwezi uliopita walitoka wote wawili. Kwenye barabara ya kutoka mjini watu walikuwa wengi mno, mkono wake ukaachana na mkono wa Soudi. Akamngoja kijiji cha mbele, hakutokea, naye akafuata waliokuwa wanakwenda Shabunda. Simu ya Soudi haiiti tangu siku hiyo.

Hakubeba sufuria wala blanketi. Alibeba ndoo ya rangi yenye kifuniko, na ndani ya ndoo mlikuwa na maji na majani.

"Soudi alikutuma nini kwangu?" nikamwuliza kabla hajakaa.

Akaangalia ndoo kwanza.

"Alisema Mama achunge hizi," akasema. "Atakuja kuzifuata."

Basi. Mwanangu amepotea vitani, na salamu anayoniletea ni majani. Nikampa mgeni maji. Kwetu mgeni hanyweshwi maji ya kisima, hata akija usiku bila taarifa. Kisima ni cha kuoshea na cha sisi wenyewe. Mgeni hupewa maji ya mvua, yaliyokingwa kwenye mabati na kuwekwa mtungini, kwa sababu ndiyo masafi na ndiyo yenye baraka. Alikunywa vikombe vitatu bila kuvuta pumzi. Mimi nilikuwa nimefunga, nikamwangalia.

6 Machi
Manyunyu. Mimea haiwezi kukaa ndani ya ndoo, inataka mwanga. Wifi yangu Sharifa, dada ya mume wangu Hamadi, tunaishi naye ua mmoja. Ametoa vitrini yake, lile sanduku la kioo analouzia mandazi. Fundi ameziba pembe kwa gundi. Pembe moja bado inavuja, tumetega bakuli.

"Na siku ya Idi mandazi yangu yatakaa wapi?" Sharifa akauliza.

"Kwenye sinia, kama zamani."

"Majani inakaa mu vitrini, mandazi inakaa mu sinia. Haya. Dunia imegeuka."

Nimeijaza vitrini maji ya mtungini, maji ya mvua. Mimea ya mwanangu nayo ni mgeni.

8 Machi
Mvua. Simu ya Soudi haiiti.

11 Machi
Mvua mchana. Mimea yenyewe ni aina mbili. Mmoja una majani mapana, mazito, ya kijani cha giza, umefungwa kwa uzi juu ya jiwe. Wa pili ni mrefu, una majani madogo madogo, unakua upesi. Bibiche anaukata kwa kucha na kuchomeka vipande mchangani tena. Anakata vizuri, kama mtu aliyezoea. Nilimwuliza Soudi alikuwa anaipa dawa gani. Akasema kulikuwa na kachupa, kamebaki Bukavu, jina lake hakulishika.

Hatuna mazungumzo mengine. Yeye anasali rozari yake chumbani, mimi naswali sebuleni, vitrini iko katikati.

15 Machi
Mawingu tu.

20 Machi
Mvua kubwa, imeng'oa mgomba. Majani ya chini ya ule mmea mrefu yamekuwa ya njano pembeni. Mengine yametoboka vitundu, kama yamechomwa na sindano.

Sharifa ameona kabla yangu. Amesimama mbele ya vitrini mikono kiunoni.

"Dalili ya mvua ni mawingu, wifi. Kitu ya mutu inajua mwenyewe. Mwenyewe akipatwa, nayo inaugua."

Bibiche alikuwa mlangoni. Amesikia. Usoni hakubadilika, ila alikwenda kukaa kitandani na hakula futari.

Niandike hapa ninachokijua, ili nisichanganyikiwe kama wao. Jani la njano halisemi habari za Bukavu. Linasema kilichopungua kwenye maji. Na swali la kwanza ni moja: limeugua jani lipi, la zamani au jipya? Viko vyakula ambavyo mmea unaweza kuvihamisha, kama azoti, ndiyo nitrojeni, na potasi. Vikipungua, mmea unavinyang'anya kwa majani ya zamani na kuyapa machipukizi. Jani la zamani linageuka njano, jipya linaendelea. Viko vingine ambavyo vikishakaa havihami, kama chuma na chokaa. Hivyo vikipungua, anayeumia ni jani jipya. Nimefundisha somo hili kwa mihogo na mpunga mpaka nimechoka kulisikia. Mmea wa majini nao ni mmea.

Walioumia hapa ni wazee. Basi ni azoti na potasi.

21 Machi
Mvua. Nimewaambia kwamba azoti ya karibu kabisa ni mkojo, tone moja kwa ndoo nzima. Sharifa alishika kichwa.

"Mukojo! Mu Ramazani! Ndani ya vitrini yangu ya mandazi!"

Ni mara ya kwanza nimemwona Bibiche akizuia kicheko. Tumeafikiana samaki. Samaki wakila, uchafu wao unakuwa azoti. Bibiche amekwenda kijitoni na kitambaa, amerudi na visamaki vitatu visivyo na jina.

27 Machi
Mvua. Njano imesimama. Vitundu bado.

1 Aprili
Idi imepita. Mandazi yalikaa kwenye sinia. Sharifa amelitaja jambo hilo kwa kila aliyekuja kutupa mkono wa Idi.

4 Aprili
Mvua ya usiku. Sasa yanaumwa majani mapya. Yanatoka meupe, madogo, yamejikunja kama mtoto wa kuku kwenye yai. Ya zamani yametulia. Kwa hiyo ugonjwa umehama, au kuna wa pili uliokuwa umefichwa na ule wa kwanza. Kwa mimea hii ni kawaida: ukiondoa njaa moja, inaonekana nyingine.

Bibiche amenifuata jikoni.

"Mama, ikikufa ile, minajua Soudi haiko tena. Ntarudia kule kumutafuta. Hata kama ni kaburi."

"Na mimba?"

"Ntaenda nayo."

Nimemwambia majani ni majani. Akanijibu kwa heshima kwamba ndiyo, Mama, majani ni majani. Halafu akaenda kuyaangalia.

Mimi mambo ya ishara siyaamini. Lakini yeye anayaamini, na barabara ya kurudi Shabunda ipo kweli: matope, msitu, vizuizi, wenye bunduki wa kila rangi. Akipita njia hiyo na tumbo lile, nitampoteza yeye na nitampoteza mjukuu, na Soudi akitokea sitakuwa na kitu cha kumwonyesha. Kwa hiyo nina kazi. Mmea huu usife. Nitautibu kwa sababu yake yeye, si kwa sababu ya ishara.

7 Aprili
Mvua. Jani jipya jeupe ni njaa ya chuma. Nimetia misumari ya kutu.

12 Aprili
Mvua. Maji yamekuwa ya rangi ya chai. Majani yamevaa utando wa kijani, na jani jipya ni lile lile. Nimetoa misumari.

13 Aprili
Tumemwaga maji yote, tumetia mapya ya mvua. Nimefikiria kumwagiza mvuvi aniletee mmea kama huu kutoka kwenye mawe ya mto, niubadilishe kimya kimya. Nikaacha. Mtu aliyeubeba kutoka Bukavu anajua kila jani.

16 Aprili
Baya zaidi. Kila tukibadilisha maji inazidi.

22 Aprili
Mvua haikunyesha mpaka jioni, na siku imekuwa ndefu.

Asubuhi alikuja Onema. Onema ana pikipiki, anapeleka bidhaa Kampene na kurudi na watu. Alikaa kwenye ukuta wa baraza, kofia mkononi, hakutaka chai. Nikajua kuna jambo.

"Mama Ramla, mukwe wako ameniomba nimufikishe Kampene siku ya alhamisi. Pale atatafuta wa kumufikisha Shabunda."

"Ukamjibu nini?"

"Nilisema ndiyo. Usinikasirikie. Nikikatala, atapanda na mwingine asiyemujua. Mimi walau nitapita polepole."

Ana haki. Nikaingia ndani. Bibiche alikuwa ameshakunja vitu vyake, na havikujaza hata mfuko mmoja. Ndoo ya rangi ilikuwa imeoshwa na kuanikwa. Kwenye vitrini, ncha ya mmea mrefu ilikuwa imeoza usiku. Maji yenyewe yalikuwa meupe kabisa, unaona mpaka mchanga wa chini.

"Umeona, Mama," akasema. Hakuwa analia.

Nilitaka kumkataza. Nina umri wa kukataza. Lakini mtu aliyetembea kutoka Bukavu hakatazwi kwa maneno, na mimi sikuwa nimejenga naye hata kibanda cha maneno ya kawaida, seuze ya kumzuia safari. Miaka ya kunyamaza ina bei yake. Nikatoka nje, nikavuka ua, nikaenda kwa Sharifa kumwambia aje ajaribu yeye.

Sharifa hakuwepo. Dirishani kwake kulikuwa na chupa ya jemu, na ndani ya chupa kipande cha mmea wetu mrefu. Aliiba kipande siku moja Bibiche alipokuwa anakata. Nimemjua Sharifa tangu nilipoolewa. Akipenda kitu cha mtu atakisema vibaya kwanza, halafu atakichukua kidogo. Kipande chake kilikuwa kijani. Kimenyooka. Kimetoa machipukizi matatu, na jani jipya lilikuwa limefunguka vizuri, halina mkunjo hata mmoja.

Nikasimama pale. Mwanga ni ule ule, dirisha linaangalia upande ule ule. Samaki hana. Misumari hana. Alipoingia nikamwonyesha chupa kwa kidole. Akaanza kujitetea.

"Wifi, ilikuwa kipande kidogo tu..."

"Maji gani?"

"Maji gani, nini?"

"Humu ndani umetia maji gani?"

"Ya kisima. Nitaharibu maji ya mvua kwa majani? Mutungi wangu unavuja, yangu inanitosha wageni tu."

Nikarudi nyumbani. Nikachukua birika la chai. Ndani, chini, kuna ukoko mweupe ambao kisima chetu kinauacha kila mwaka na mimi naukwangua kwa kisu. Ukoko ule ni chokaa. Nikachota kikombe cha maji kwenye vitrini, nikayaonja. Hayakuwa na ladha yoyote. Maji ya mvua yanashuka mbinguni hayajagusa jiwe wala udongo. Hayana chokaa, hayana potasi, hayana kitu. Ni masafi, na mmea haushibi usafi. Na kila tulipoona unaumwa, tulimwaga maji yenye chembe zilizobaki tukautilia mengine masafi zaidi. Mimi ndiye niliyesema yawe ya mvua; angekuwa mwanafunzi wangu, ningempa sifuri.

Nikamshika Bibiche mkono nikampeleka kwa Sharifa. Ni mara ya kwanza nimemshika mkono. Aliinama mbele ya chupa muda mrefu, kisha akasema:

"Ni yetu?"

"Ni yenu. Sharifa aliiba."

"Nilichukua kidogo," akasema Sharifa. "Na muone, kwangu haikuugua."

"Kama mmea unamjua mwenyewe," nikamwambia Bibiche, "mbona huu ni mzima na ule unakufa? Soudi ni mmoja."

Alhamisi hii Onema atakwenda Kampene na sabuni peke yake. Bibiche amesema atangoja mwezi uishe.

24 Aprili
Mvua. Nusu kisima, nusu mvua. Tumeingiza kidogo kidogo, samaki wasishtuke.

27 Aprili
Jua asubuhi, mvua jioni. Vitundu vya majani ya zamani bado, kwa hiyo potasi. Dawa yake ninaijua bila kitabu.

Wakati wa vita ile nyingine, mji ulipozungukwa, treni haikufika na mashua hazikufika, chumvi iliisha Kindu. Ilipimwa kwa kizibo cha chupa, kisha hata kizibo hakikuonekana. Tulikwenda mtoni kuvuta magugu maji, tukayaanika, tukayachoma. Majivu tuliyatia kwenye kopo lenye matundu, tukapitisha maji juu yake, na yaliyochuruzika tukayachemsha mpaka yakabaki mavumbi ya kijivu. Yalikuwa machungu, lakini sombe, kisamvu chetu, ilikuwa na ladha. Watoto walikula. Soudi alikuwa mdogo, alilamba kidole. Mavumbi yale ni potasi tupu.

Leo tumeyatengeneza tena, Sharifa na mimi, uani, kwa kopo la maziwa. Bibiche alikaa kwenye kigoda akichochea. Sharifa alikuwa anasimulia, na akisimulia vita lazima afike kwa kaka yake.

"Hamadi alikuwa mutu wa reli," nikamweleza Bibiche, ili asiachwe nyuma. "Alipanda treni kwenda Kabalo. Reli ikakatwa nyuma yake."

"Na hakurudia?"

"Hakurudi."

"Na habari?"

"Hakuna. Miaka yote ile nilikuwa nasikiliza mlango. Watu walifika, wa Kibombo, wa Tunda, wa Kongolo, kila mmoja na neno la mutu wa mwenzangu. Kwangu hakuja hata wa kunidanganya."

Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida, ni jambo la zamani. Bibiche akaacha kuchochea. Akaniangalia, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema moshi unamwingia machoni, akaenda kunawa.

Nimetia chembe moja ya mavumbi yale kwenye vitrini, ndogo kuliko punje ya mchele. Kuzidisha ni kosa lingine.

3 Mei
Mvua. Ncha mpya imetoka. Bado siandiki kitu.

6 Mei
Mvua kidogo. Jani jipya limefunguka. Limenyooka. Kijani hafifu, lakini kijani.

Bibiche alipiga magoti mbele ya vitrini na kusoma rozari yake pale pale, na Sharifa hakusema kitu kuhusu mandazi.

7 Mei
Onema amepita kuuliza kama bado kuna safari. Bibiche amempa chai. Safari hii alikunywa.

10 Mei
Mvua ya radi. Niandike na hili, kwa kuwa kumbukumbu isiyo kamili haina faida. Leo alfajiri nilikwenda kuangalia vitrini kabla ya kutawadha. Nikagundua kwamba nafanya hivyo tangu siku nyingi. Nawasha tochi, natazama ncha, roho inatulia, ndipo naenda kuswali. Nimewaambia watu wote wa nyumba hii kwamba jani halina habari ya mtu.

13 Mei
Samaki mmoja amekufa. Wawili wanatosha.

18 Mei
Mvua zimeanza kupungua. Mmea mrefu umegusa juu ya maji. Bibiche amenifundisha kuukata: chini ya kifundo, kwa kucha mbili, bila kuvuta. Nikamwambia anaujua mmea huu kuliko mtu anayemchungia mwenzake. Akasema, "Ndiyo, Mama," akaendelea kukata.

Tumbo limekuwa kubwa. Mtoto anacheza. Bibiche ameuweka mkono wangu juu, nimemsikia.

23 Mei
Hakuna mvua. Jani jipya la mmea mpana, la kwanza tangu ufike. Limetoka taratibu, limekunjwa kama karatasi, halina doa.

29 Mei
Jua. Nilikuwa napepeta mchele barazani, Bibiche kisimani. Simu ikalia, namba ya nje. Nilimjua kabla hajamaliza salamu.

"Mama, njo mimi, Soudi."

Nikakaa chini, juu ya mchele.

Ni mzima. Yuko Burundi, kwenye kambi ya wakimbizi. Umati ulimsukuma upande wa Uvira, akavuka mto Rusizi na waliovuka. Simu ilinyang'anywa njiani, na namba zote zilikuwa humo. Wiki hii amekutana kambini na mtu wa Kindu aliyekuwa na namba yangu. Yote hayo aliyasema kwa pumzi moja, kisha sauti ikabadilika.

"Mama, Bibiche... munajua habari yake?"

"Bibiche iko hapa kwangu. Yeye na mimba yake. Ameenda kuchota maji."

Akalia. Sikuwa nimemsikia akilia tangu alipokuwa mtoto. Nikamwacha alie. Kisha nikasema:

"Na mimea yako iko. Iliugua, lakini imepona."

"Mimea gani?"

"Ile uliyonituma niichunge. Uliyosema utakuja kuifuata."

Akaacha kulia.

"Mama, mimi sikutuma kitu. Hatukupata hata nafasi ya kuagana. Ile ya mu kioo? Ile ni ya Bibiche, tangu kwao. Mimi hata kuibadilisha maji sijui. Aliibeba?"

Hapo simu ikakatika. Nilipiga, nikapiga tena. Rezo, mtandao wa simu, imekwenda.

Nilibaki nimekaa juu ya mchele, nikaiona siku ile ya kwanza. Mwanamke amefika, miguu imevimba, amempoteza mume njiani, na mama mkwe ambaye hakuwahi kumsalimia anamwuliza kabla hajakaa: mwanangu amekutuma nini kwangu? Hakuwa na kitu. Akaangalia ndani ya ndoo yake, akanitolea mimea yake mwenyewe na kuifanya neno la mwanangu. Kisha neno lile likamfunga na yeye. Alikuwa ameahidi kwa kinywa chake kwamba Soudi atakuja, akalazimika kuliamini, na kila jani lilipogeuka njano akaogopa.

Nilitafuta hasira, sikuiona. Nilimpenda. Ningeweza kusema jambo hili kwa maneno marefu zaidi, lakini ni hilo tu, nilimpenda pale pale, na mchele ukiwa umenishika nguo.

Sharifa alikuwa amesikia kelele zangu na amekwenda kumwita. Bibiche akaja mbio, na tumbo lile, ndoo mkononi, maji yanamwagika njia nzima.

"Mama! Ni yeye?"

"Ni yeye. Ni mzima. Yuko Burundi, kambini. Amepata namba yangu wiki hii."

Akaweka ndoo chini. Akashika ukuta.

"Aliniuliza?"

"Neno la kwanza. Nikamwambia uko, na mimba iko. Akalia. Kisha rezo ikakata."

"Na kwangu?" Machozi yalikuwa yameanza. "Alituma nini kwangu, Mama? Hata neno moja?"

Neno hakutuma, simu ilikatika. Kupitia mlango nikaangalia vitrini kwanza.

"Alisema uchunge hizi," nikasema. "Atakuja kuzifuata."

Bibiche akanitazama. Alinitazama muda mrefu, na mimi sikuondoa macho.

"Alisema vile?" akauliza polepole.

"Alisema vile vile."

Akafunika mdomo kwa mikono miwili. Nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia. Akateleza na ukuta mpaka chini, akakaa karibu nami kwenye mchele, akanilalia begani, na mimi nikaanza kucheka, mimi ambaye katika ua huu sijulikani kwa kicheko. Sharifa alisimama anatuangalia mmoja mmoja.

"Munacheka nini? Muniambie! Njo nini?"

Hatukumwambia.

1 Juni
Jua. Hakuna mvua, na mtungi umebaki nusu. Tumebadilisha maji ya vitrini. Majani mapya mawili, yote yamenyooka.

Bibiche alisikia kiu. Alipita mtungi wa mvua, akaenda jikoni, akachota kikombe cha maji ya kisima, ya sisi wenyewe, akanywa. Hakuna aliyemwambia.